Besi Yangu Imekataliwa Mafinga

Dada Tumaini, shikamoo, na pole na mvua za Iyunga.

Huku Mafinga baridi inakata masikio. Leo mchana igizo letu lilifika kwenye wimbo wa msiba, mwimbaji wetu Neema akafungua mdomo, sauti haikutoka. Mafua! Nikaona miaka yangu thelathini ya kuongoza maigizo ya nyimbo inazikwa hapa hapa kwenye vumbi la mbao la mji huu wa wapasua magogo.

Basi watazamaji, akina mama wa kwaya waliokaa mstari wa mbele, wakakidaka kiitikio, maana walishakisikia tangu mwanzo. Si unawajua watu wa kwaya? Kufumba na kufumbua ukumbi mzima umejigawa sauti nne, na hakuna aliyewapanga. Machozi yakanitoka, nami nikajitosa kwenye besi. Mzee aliyekaa jirani yangu akanishika mkono: "Ndugu yangu, wewe fungua mdomo tu. Sauti tuachie sisi."

Dada, maneno yale yale uliyoniambia kwenye kwaya ya watoto! Si ndiyo yaliyonifanya niwe mwongozaji?

Vaa sweta, kula vizuri. Na waigizaji wangu wakipita hapo kwako wiki ijayo, usiwaambie habari ya kwaya ile. Bado wananiogopa.

Mdogo wako,
Ambakisye