Ekari tano kwenye kisanduku cha hekta

Shoga, shemeji bado ananifokea uani. "Diploma yako hiyo ndiyo imemfanya baba yetu aitwe mwizi!"

Mwizi. Baba mkwe, asiyechukua hata kiberiti cha mtu.

Unakumbuka zile fomu za ruzuku ya kilimo nilizowajazia majirani? Fomu iliuliza hekta, mimi nikajaza ekari. Mzee ana ekari tano, kwa hiyo serikali imemlipa pesa za hekta tano, zaidi ya mara mbili ya haki yake. Majirani kumi nao ni hivyo hivyo.

Leo bwana shamba amekuja kupima. Akasoma fomu, akacheka. "Mzee, hizo hekta nyingine zimekimbilia wapi?"

Mzee akanigeukia. "Mwanangu, si uliniambia niweke dole hapa?"

Hapa. Alivyouliza taratibu, shoga. Nami nikanyamaza. Mimi, ninayewagombeza wanangu kwa uongo.

Sasa shemeji anataka tuseme mzee ndiye aliyenitajia hekta tano, kwa kutojua kusoma. "Mzee hawatamfunga. Wewe una watoto."

Nimemwambia aliyeshindwa kusoma ni mimi niliyesomeshwa.

Bwana shamba yuko kwa jirani. Ngoja, naenda.

Nimerudi. Nimemwambia mbele ya watu kwamba mwandiko ni wangu, fomu zote kumi na moja. Akanipa karatasi niandike maelezo. Mzee alikuwa amenifuata, dole gumba juu, anauliza aweke wapi.

Nikamwambia, "Hapana, baba. Hapa natia saini mimi." Nikatia.