Mwenye shamba chini ya kilima

Jumamosi jioni, Geita

Bado naona aibu kidogo. Leo nilipofika kileleni mwa kilima nilisimamisha mlingoti wa antena na kuwasha redio yangu ya mawasiliano, kisha akatokea mama mmoja na jembe begani. Ni Mama Kabula, mwenye shamba la mihogo pale chini.

“Shikamoo, mama.”

Hakuitikia. “Unapima dhahabu wewe. Kesho mtakuja kuchimba maduara, hayo mashimo yenu ya dhahabu, kwenye mihogo yangu.”

Nikamweleza kwamba natafuta watu wa mbali wa kuzungumza nao hewani tu, na kibali cha redio ninacho. Hakuamini. Nikamkaribisha akae, nikaanza kuita. Redio ilikoroma weee, mpaka mzee mmoja wa Mbeya akajibu, akauliza hali ya mvua huku.

“Mwambie imenyesha mara mbili tu,” akasema mama, akaweka jembe chini.

Nikafikisha. Yule mzee akampa pole, na mama akaitikia, “Asante, baba,” akiitazama redio.

Tukiteremka akaniambia, “Siku nyingine upite kwanza nyumbani, useme.”

Ana haki. Miaka yote hii napanda vilima na kibali mfukoni, na sijawahi kupiga hodi kwa mtu.