Herufi za Bango la Madamu Lin

Fundi wangu,

Bango limekubaliwa. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeniuliza hilo kabla hata hujajibu salamu yangu. Lipo juu ya mgahawa wa Madamu Lin, pale malori yanapopanga foleni ya kuingia Zambia. Bati jekundu, herufi za Kichina za njano, na hakuna hata moja iliyochuruzika.

Nakumbuka ulivyompelekea lile la kwanza. Ulilitengeneza kama tunavyotengeneza yote: penseli, mistari ya nje, kisha kujaza rangi. Mimi sikuona kasoro. Madamu Lin akalitazama, akatikisa kichwa. "Fundi, hii chora. Hapana andika." Ukanung'unika kwa Kinyiha maneno ambayo siwezi kuyaweka hapa.

Akakuonyesha ile herufi yenye boksi. Wewe ulikuwa umelipiga boksi zima kwanza, kama seremala na fremu yake, ndipo ukasukumia vitu ndani. Akacheka sana. "Wewe funga mlango, watu bado nje!" Akachovya kidole kwenye chai, akaandika juu ya meza: ubavu wa kushoto, kisha juu na kushuka kulia, kisha vya ndani vyote, na mstari wa chini mwisho kabisa. Watu wameingia, sasa funga.

Nilidhani utaiacha ile kazi. Kesho yake nikakukuta umechuchumaa mlangoni pa kibanda chetu, kopo la maji pembeni, unaandika kwa brashi juu ya saruji. Maji yanakauka, unaandika tena. Vijana wa bodaboda wakakuchokoza, "Mzee, hiyo ramani ya Lusaka?" Nawe bila kuinua kichwa, "Ndiyo, nikimaliza nakuonyesha njia uende."

Halafu ukaniita. "Neema, kaa hapa. Mkono wako mwepesi kuliko wangu." Miaka yote ile ya kujifunza kazi kwako hukuwahi kuniambia hivyo. Nilijifanya sijasikia ili useme tena. Hukusema.

Kisha presha ikakuchukua. Hapo siwezi kuandika mengi.

Msiba ulipokwisha, mdogo wako alikuja na kufuli. Akasema msichana hawezi kupanda ngazi barabarani watu wote wakimwangalia, kwa hiyo kibanda wapewe wauza laini za simu. Mkeo Mama Ezekia unamjua, hapandishi sauti. Akamwambia, "Shemeji, subiri bango la Mchina. Likikataliwa, funga. Likikubaliwa, Neema anabaki."

Basi, Fundi, nikaivaa suruali yako ya kazi, nikaikunja miguuni, nikapanda. Madamu Lin chini, mikono kifuani. Mdogo wako naye chini, kufuli mfukoni. Madereva wa Zambia wakashuka kwenye malori yao kutazama, wakiniita mama kwa lugha yao. "Bamayo, hiyo inasomeka kweli?" Nilipofika kwenye boksi nikachovya brashi upya. Nikautuliza mkono kama ulivyonifundisha, kwa kushusha pumzi kabla brashi haijagusa bati. Kushoto. Juu na kulia. Nikaingiza vya ndani, kimoja kimoja, sikuruka hata nukta. Ndipo nikafunga.

Niliposhuka, Madamu Lin alirudi nyuma hatua mbili. Aliinua kidole hewani akawa anafuata herufi zangu, mstari kwa mstari, kwa mpangilio ule ule niliotumia. Nilikiangalia kile kidole kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Akafika mwisho, akamwita mpishi wake atoke aone. Kisha akaniuliza, "Nani fundisha wewe?"

"Fundi Lusekelo," nikamjibu.

"Hapana. Mimi fundisha yeye."

Tukacheka wote wawili. Alikuja akanishika bega lenye rangi, na mkono wake ukawa njano.

Mdogo wako aliondoka na kufuli lake. Siku ya tatu karudi, anajikuna kisogo: eti naweza kumwandikia jina ubavuni mwa lori lake? Nimemwambia apange foleni. Foleni ipo kweli, Fundi. Ungeona ungejivuna mpaka uudhi watu.

Jambo moja limenikera. Siku ya maziko sikuweza kutazama sawasawa, lakini Mama Ezekia ameniambia kwamba aliyeandika msalaba wako ameandika "Lusekero". Wewe, uliyekuwa unasimamisha pikipiki ya watu ili ukosoe bango la duka! Vumilia kidogo. Jumamosi napanda gari la kwenda Hasamba, kaburini kwako, na brashi yako nyembamba na rangi nyeusi. Nitalikwangua jina lote, nitaliandika upya, na sitabeba penseli.

Pumzika, Fundi. Kibanda kiko wazi, brashi zimeoshwa. L zote mbili nitazivuta ndefu kidogo, ulivyopenda.

Neema wako, kibandani Chapwa