Gari Letu Limerudi Kutoka Nkhata Bay

Wifi Otilia,

Gari limerudi. Nimeliegesha hapa Mbamba Bay, nyuma ya nyumba yako, pua imeelekea ziwani. Nakuandikia humu humu ndani, mlango nimeuacha wazi. Ni mchana na wanawake wanaanika usipa, dagaa wetu wa ziwani, chini kule. Kila mmoja akipita anachungulia, ananisalimu, halafu anatazama kiti cha pembeni yangu kabla hajaenda zake. Sijui wanatazama nini. Au najua.

Nikuandikie toka mwanzo, maana siku hizi nikikaa kimya mambo yananichanganyikia.

Kaka yako Gaudensi, mume wangu, alilijenga gari hili kwa mikono yake kule kijijini kwetu Ruanda, Mbinga, juu ya lori dogo alilokuwa akibebea kahawa. Akaweka kitanda, jiko la gesi, tangi la maji, madirisha yenye pazia. Watoto wa kijiji wakaliita Konokono. Alifariki kabla hajalala humo hata safari moja. Baada ya arobaini ukapanda kutoka ziwani na kibegi kimoja, ukaniomba funguo. Ulikuwa umestaafu udereva wa gari la wagonjwa. Ukaniambia, "Nimebeba wagonjwa maisha yangu yote, wifi. Sasa nataka nijibebe mwenyewe. Panda, au baki na magunia yako ya kahawa."

Nikapanda. Watu walisema sana. Wajane wawili wenye wajukuu, wanalala kwenye lori kama wakimbizi. Padri mwenyewe aliniuliza kama nyumbani paa linavuja.

Unakumbuka tulivyokuwa tukibishana nchi ipi ni nzuri kwa gari la nyumba? Zambia ulisifia uyoga tu, ule mkubwa kama mwavuli unaouzwa barabarani, tukaukaanga na nyanya mpaka gari zima likanuka uyoga siku tatu. Botswana hukuisamehe. Pale kwenye geti la mifugo walitushusha, wakatukanyagisha kwenye zulia lenye dawa, wakachukua nyama yako mbichi uliyoinunua asubuhi. Ulinuna mpaka jioni. Tembo walipovuka barabara mbele yetu, hukutaka hata kuwatazama. "Wao hawajanyang'anywa kitu," ukasema.

Mimi nilipenda Namibia. Barabara pana, hakuna mtu, unaegesha gari na kimya kinakuja kukaa na wewe. Wewe kimya kile kilikuogopesha. Ulisema nchi ambayo mtu unaamka huna wa kumsalimu si nchi ya kutembelea. Ukasema ya kwako ni Malawi. Kila mara Malawi. Nikadhani ni kwa sababu ya lugha, maana ulipofungua mdomo na Kinyasa chako cha Mbamba Bay walikudhania mtu wa kisiwa chao cha Likoma, wakakupunguzia bei ya samaki.

Sasa nifike pale.

Siku ile Nkhata Bay tulikula usipa na nsima, ugali wao. Ukasogeza kiti chako cha kukunja hadi chini ya mti, karibu na maji. Ukasema hewa ni safi, milima ya kwetu inaonekana ng'ambo. Mimi nikachukua beseni nikaosha vyombo nyuma yako, nimekupa mgongo. Nikakuchokoza. Nikasema Namibia ndiyo nchi, barabara hazina shimo, bafu za maji moto. Ukaguna, ule mguno wako wa kukataa. Nikaongea weee. Nikakuuliza mwakani turudi kule au tujaribu Msumbiji, na hapo ukaguna tena. Nikafuta mikono, nikamimina chai, nikakuletea.

Kikombe nilikishika muda mrefu.

Daktari alisema ulikuwa umeondoka kitambo, moyo tu, bila maumivu. Mwili ulikuwa umeanza kupoa. Nikamwambia haiwezekani, nilikuwa ninaongea naye, amenijibu sasa hivi. Alinitazama kwa huruma, akasema hutokea mtu akafikiri hivyo. Sikubishana naye. Lakini nilikusikia, wifi. Naomba uniambie, ulipoguna mara ya pili ulikuwa wapi?

Walikuleta nyumbani kwa barabara, Karonga, Mbeya, Njombe, Songea, na mimi pembeni ya jeneza. Gari likabaki kule, kwa sababu dereva ulikuwa wewe, na mimi nilijua kushika ramani tu. Ukazikwa hapa juu, kwenye kilima, wakaimba kwa sauti nzuri. Tulipomaliza kuweka maua mwanao Ditrick akaja mbele yangu. Hakupaza sauti. Alisema, "Mama yangu alikuwa na nyumba. Kwa nini amefia kwenye lori?" Wazee wakamvuta pembeni, wakaniambia nisimjali, ana uchungu. Lakini swali lile nilipanda nalo hadi Ruanda. Nililala nalo, nikachuma nalo kahawa.

Ndipo ulipoanza. Mwanzoni ilikuwa sauti ya mtu anayekohoa chumba cha pili. Kisha nikawa nikipika nasikia, "Chumvi hiyo, wifi." Nilikwenda kwa padri, akaombea nyumba, akanipa maji ya baraka. Nilinyunyiza kila kona. Ulitulia kwa muda, halafu ukarudi, na safari hii ulikuwa unauliza gari liko wapi.

Kwa hiyo nilijifunza kuendesha. Usicheke. Kijana mmoja pale Mbinga mjini alinifundisha, akiniita bibi na kushika mlango kwa mikono yake yote. Tulipofika mteremko nikakanyaga breki, na kabla hajasema kitu nikakusikia sikioni, "Usiikalie breki, shusha gia." Nikashusha. Kijana akauliza nani amenifundisha hivyo. Nikasema wifi yangu. Leseni ilipotoka nilipanda basi, nikaenda kulichukua gari.

Bambo Phiri, yule mlinzi mzee wa kambi tulikoegesha, bado yupo. Alinishika mikono yote miwili. Gari alikuwa amelifuta vumbi, matairi ameyapa upepo. Alisema asubuhi hufagia kulizunguka, lakini mchana hapiti hapo, kwa sababu mwenye gari anapumzika. Alisema kwa utulivu tu, kama anayetaja mgeni wa chumba. Kiti chako kilikuwa pale pale chini ya mti, kimeelekea ng'ambo. Nikamuuliza kwa nini hakukiingiza ndani. Akasema, "Kila nikitaka kukikunja nakikuta kina joto, mama."

Niliweka kiganja changu juu ya kitambaa. Kilikuwa na joto. Nikajiambia ni jua, lakini kile kiti kilikuwa kivulini tangu asubuhi.

Nilikaa. Ndiyo, nilikaa juu ya joto lako, nikatazama ulikokuwa unatazama. Maji, maji, halafu mstari wa bluu wa milima yetu. Siku zote zile nilikuwa nikikaa nimeipa ng'ambo mgongo, kwa sababu ya beseni na jiko. Sikuwahi kutazama. Palepale nikajua kwa nini ulisema Malawi kila mara, na nikalia kwa mara ya kwanza tangu uondoke. Bambo Phiri akaenda kukaa mbali.

Safari ya kurudi niliendesha mimi, na wewe ulikaa upande wangu wa zamani. Usikatae. Mkanda wa kile kiti ulikuwa unagonga mlango kwenye kila kona, nikiufunga unatulia. Mzuzu uliniambia nipunguze mwendo. Karonga ulitaka tununue mchele. Nilikuwa nakujibu kwa sauti, na wapita njia wananitazama. Tulipofika mpakani Kasumulu, afisa akauliza mko wangapi. Mdomo wangu ukasema wawili. Akachungulia, akaniona mimi peke yangu, akanishusha. Walipekua gari zima, chini ya kitanda, ndani ya tangi la maji, wakitafuta mtu niliyemficha. Wakakosa. Afisa akarudi na pasi yangu, akaniambia taratibu, "Mama, humu uko peke yako." Nilipowasha gari ulikuwa kimya, na kimya hicho kilikuwa kama cha Namibia. Nilichokipenda kule, hapa kilinitisha. Ulinyamaza Tukuyu yote. Njombe baridi ilipoingia dirishani, ukakohoa. Nilishukuru Mungu kwa kikohozi.

Ukoo walikuwa wamekaa kikao. Ditrick aliwaambia gari lile lina mama yake, na halitamwacha apumzike mpaka ile nyumba ya juu ibomolewe, libaki lori la mizigo kama zamani. Wazee walikubaliana naye. Mimi nilikuwa mchovu, wifi. Nikasema aje.

Alikuja jana saa za mchana, na msumeno na mtaimbo begani. Unajua mwanao ni seremala mzuri, kubomoa kwake ni kazi ndogo. Alinipa shikamoo bila kunitazama, akapanda, akafunga mlango. Nikasimama nje nikingoja pigo la kwanza. Nilishikilia kioo cha pembeni kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa.

Halikuja. Nikasikia kitanda kikilia, nikajua ameketi. Kisha nikasikia anaongea, polepole, kwa Kinyasa. Anauliza kitu, ananyamaza, kama mtu anayesikiliza jibu. Anauliza tena. Nikasogea mbali, kwa sababu hayo hayakuwa yangu.

Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Mtaimbo aliuacha ndani. Alikaa kwenye ngazi akasema, "Kitanda kinataka bawaba mpya." Nikasema ndiyo. Halafu akauliza, "Mama aliipenda nchi gani zaidi?"

"Malawi," nikamwambia.

"Kwa nini?"

Nikamwambia nilichokiona nilipokaa kwenye kiti chako. Kwamba kati ya nchi zote tulizozunguka, ile ndiyo pekee ambayo mama yake alikuwa akitoa kiti nje, akaketi, na kuiona milima ya nyumbani kwake. Kwamba hakufia kwenye lori. Alifia chini ya mti, uso kwenu.

Wale wanawake wa usipa walikuwa wameacha kazi, wanatutazama. Kisha akasema, "Nipeleke, mama."

Kwa hiyo wifi, hii ndiyo ahadi yangu. Kahawa ikishavunwa nitampeleka Ditrick mpaka Nkhata Bay. Nitamwekea kiti pale pale, na sitamsemesha mpaka aanze mwenyewe. Bawaba amezinunua leo asubuhi, zipo hapa zimefungwa kwenye gazeti. Pumzika, ukiweza kupumzika. Salamu kwa Gaudensi, mwambie gari lake limefika mbali kuliko yeye.

Lakini kiti cha kushoto atakikalia mwanao, ana miguu mirefu, hatatosha mahali pengine. Itabidi wewe usogee nyuma kitandani, au ushuke. Chagua mwenyewe. Mimi sikufukuzi.

Wifi yako,
Eufrasia