Krismasi Yangu ya Ngazija

Mama,

Shikamoo. Nimerudi Liuli juma lililopita. Baba alikuwa amelipalilia kaburi lako upande mmoja tu, wa pili akaniachia mimi. "Nilijua utataka," akasema. Nimeupalilia, kisha nimekaa hapa hapa nikuandikie.

Unakumbuka Serikali iliponichagua kwenda Ngazija, visiwani Komoro, kuwasaidia wakunga wa kule? Mjomba alikuja juu. Mtoto wa kike atavukaje bahari akaishi peke yake kwenye nchi ya Waislamu watupu? Ulikuwa unageuza dagaa wa usipa juani, hukuinua hata kichwa. Ukasema, "Huko nako wanazaa. Ataishi na watu."

Basi niliishi na watu, Mama.

Simu ya kifo chako ilinifikia umeshazikwa. Mkuu wangu akaniruhusu nirudi nyumbani moja kwa moja. Nililia, halafu nikaingia wodini, maana palikuwa na mama wa mapacha na mmoja alikaa vibaya. Wote watatu walitoka wazima. Sikurudi.

Krismasi ikaja. Hakuna kengele, hakuna kanisa la kufikia kwa miguu. Watu wako sokoni kama siku yoyote. Nilitoka zamu, nikavaa gauni langu jipya, nikakaa kitandani. Sikujua niende nalo wapi.

Mkunga mwenzangu, Bi Moina, akabisha hodi na wenzake wawili, wamebeba wali wa nazi na samaki.

"Leo kwenu siku kubwa, nawe umekaa kama mfiwa."

Nikamwambia mimi ni mfiwa kweli. Akaketi karibu yangu. "Basi tuambie, mama yako angefanya nini leo?"

Nikasema angeimba. Angeanzisha wimbo wa Mariamu, na kanisa zima lingemfuata.

"Mariamu, mama yake Nabii Issa? Huyo hata sisi ni wetu. Imba!"

Mama, maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kuitikia. Wa kuanzisha ulikuwa wewe. Nikaanza. Sauti ikakatika mstari wa pili. Nikaanza tena, nikafika mwisho, na Bi Moina akapiga kigelegele mpaka majirani wakachungulia. Wakaniuliza mama yangu alikuwa nani hasa. Niliwasimulia mpaka wali ukapoa. Sijapata kujivuna vile mbele za watu, nami sijutii.

Hapa pamebadilika. Tumehamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari kando ya barabara. Baba hajazoea, kila asubuhi anateremka kwenye kiwanja chetu cha zamani, anasema anakwenda kutazama mihogo. Zahanati ya kijiji haikuwa na mkunga. Sasa inaye.

Na Anna, mdogo wangu, amechaguliwa kusomea uuguzi. Majuzi walikuja watu kutoka Mbaha kumposa. Baba alinitazama mimi. Nikawakaribisha togwa, nikawaambia kwa heshima kwamba binti yetu anakwenda chuoni. Walikunywa, wakashukuru, wakarudi kwao. Anna alikuwa jikoni. Nilimsikia akicheka peke yake.

Pumzika, Mama. Nakuahidi nitamsindikiza mwenyewe mpaka Songea, na sitageuka nyuma mpaka nimwone ameingia darasani.

Mwanao,
Tabita, mkunga wa kijiji