Kaburi la Mgomba

Jumatatu, 3 Machi

Kerubo, ni nani alikuambia kaburi ni shimo la takataka, unachimba tu na kwenda zako? Nimetoka kupeleka majani chai kituoni, kikapu bado mgongoni, nikakuta kaburi nyuma ya nyumba yangu. Kulia amelala mzee wangu. Hili wamechimba kushoto, upande wa wanawake. Na mwanamke hapa ni mmoja.

Ati ni la sinema. Mjukuu wangu huyu Kerubo anatengeneza sinema ya Kikisii na wenzake kutoka mjini. Mwishoni bibi anazikwa. Hakuna aliyeniuliza. Nimekasirika mpaka chai imenipalia.

Jumanne, 4 Machi

Nilikuwa nakamua. Nikasikia kilio barabarani. Mtu wa boda aliliona kaburi akatangaza. Jirani yangu Mokeira anakuja ameshika kichwa, wanawake wa kanisa nyuma yake na viti.

"Magokoro! Bibi yetu! Si umekufa?"

"Nikifa, maziwa ya chai yako angekamua nani? Keti, mjinga wewe."

Wameketi. Wamemaliza chai yote. Mokeira alivaa kiatu kimoja chake, kingine cha mume wake. Sikujua ananipenda hivyo.

Jumatano, 5 Machi

Wazee wa ukoo wamekuja. Hakuna kamera itafunguliwa hapa, wamesema. Kaburi likichimbwa lazima lipate mtu. Likikaa wazi litaita mwingine. Kulifukia tupu pia hapana. Ni kweli. Sisi ni Wasabato lakini kaburi ni kaburi.

Kamera ni ya kukodi, inarudi Ijumaa. Kerubo amelia jikoni. Sinema yake haina mwisho.

Hapo nikakumbuka. Tukiwa vijana, mzee wangu alinipeleka sinema Kisii mjini. Ukumbi wa yule Mwislamu muuza nguo. Benchi za mbele, njugu kwa karatasi. Lakini gari la mwisho la kurudi kwetu Gesima liliondoka kabla sinema haijaisha. Kila mara. Tulimwacha mwizi bado juu ya paa. Mwisho tulijitungia wenyewe, tukibishana mpaka nyumbani. Mwisho wa sinema sijawahi kuona. Hata moja. Na hii ya kwangu pia isiishe? Yaya, hapana.

Alhamisi, 6 Machi

Nimewaambia wazee: mgomba. Zamani mtu akipotea asionekane, si tulizika mgomba, kaburi likatulia? Wametazamana. Na kamera je? Nikawauliza, mgomba utaona haya? Wakacheka. Wakakubali.

Vijana wa kamera ni wavivu. Badala ya kukata shina wameung'oa na mzizi wake. Tukaufunga kwa shuka yangu nzuri. Mokeira na wenzake wakarudi kulia. Hawakuigiza. Kile kilio cha Jumanne kilikuwa kimewabakia, wamekimalizia. Nikajifunga leso, nikaingia katikati yao, nikajililia mwenyewe. Nimemshinda Mokeira. Kerubo alicheka mpaka kamera ikatikisika.

Ijumaa, 7 Machi

Kamera imerudi. Sabato inaingia. Nimechoka. Nina furaha.

Jumapili, 13 Aprili

Kerubo alitaka kuonyesha sinema jana, Jumamosi. Nikamuuliza, utamwonyesha nani, ng'ombe? Ndiyo maana ikawa leo.

Ule ukumbi wa zamani sasa ni duka la magodoro. La mjukuu wa yule Mwislamu. Kijana ana adabu. Alifunga duka, akatundika shuka nyeupe ukutani, akatandika magodoro, watu wakakaa juu yake na nailoni zake. Mimi nilikaa pale benchi letu lilikuwa.

Mazishi hayajafika, Mokeira akanivuta mkono. Gari la mwisho.

"Liende," nikamwambia. "Mimi leo simwachi mtu juu ya paa."

Nimeona mwisho. Wote. Mpaka majina yakapanda na langu likapita. Watu wakapiga vigelegele, wakanikumbatia kama nimefufuka. Tumerudi kwa boda, Mokeira akilalamika njia nzima. Nilikuwa naimba.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua ilinyesha. Asubuhi nimeenda nyuma ya nyumba. Kaburi limechipua. Jani moja, bado limejikunja. Mzee wangu angesema huu ndio mwisho. Mimi ningebisha. Nimesimama hapo kidogo, katikati yao wawili.

Mtu asiukate. Kerubo aje kesho na samadi, ndoo mbili, aupalilie vizuri. Mkungu wa kwanza apelekewe Mokeira.