Mguu Unaosimama kwa Swaumu

Jumatatu, 4 Agosti
Jirani yangu Nasma kaja kuazima chumvi, kaniachia maneno. Ati mume wangu Gharibu kila akienda msikitini lazima asimame kwa Swaumu, yule mjane. Anaegemea ua, wanacheka, ndiyo aendelee. Kila siku! Na mimi jioni namkanda miguu kwa maji ya moto. Mjinga mimi!

Jumatano, 6 Agosti
Nimemfuata, mtandio mpaka puani. Kweli! Kapita nyumba zote, kufika kwa Swaumu — breki. Aliporudi nikambana. Ati mguu wa kulia unakaza akifika pale, akipumzika unaachia. Mguu gani unaochagua nyumba? Madaktari bingwa wamepiga kambi Kibiti. Akapimwe, uongo uonekane.

Ijumaa, 8 Agosti
Kibiti. Gharibu kutwa anauliza sindano iko wapi. Hakuna sindano! Kalazwa, kafungwa vitambaa vya presha mikononi na juu ya vifundo vya miguu. Wakampaka mafuta baridi, wakagusisha kidude kinachosikiliza damu. Mkononi: shwaa, shwaa! Mguu wa kushoto vilevile. Wa kulia: fyu... fyu... Gharibu anasoma shahada kama anakata roho. Daktari kasema presha ya mguu ule ni nusu ya ile ya mkononi, mshipa umeziba, akitembea umbali uleule damu haiutoshi mguu. Ndiyo maana maumivu yanamkuta palepale kila siku.

Nikauliza, hata kama palepale pana mjane? Daktari kacheka mpaka kavua miwani.

Nimefurahi. Mume mgonjwa, mimi nafurahi — Mungu anisamehe.

Sigara basi. Vidonge. Na atembee kila siku, akiumia asimame, kisha aendelee. Yaani sasa anasimama kwa Swaumu kwa amri ya daktari!

Jumapili, 17 Agosti
Naenda naye. Swaumu kamtolea kigoda. Nimekikalia mimi.

Ijumaa, 22 Agosti
Tumetoka mapema, awahi sala. Kufika tu mkorosho wa Nasma, kasimama. Hapa pa karibu! Daktari alisema maumivu yakianza kuwahi, turudi haraka. Kapumzika, hatua chache, kasimama tena. Hanitazami. Naogopa. Nikamwambia, jikaze Baba Johari, ufike hata kwa Swaumu. Kashindwa. Bodaboda ya Kibiti tumeipigia, haijaja. Nimemwita Swaumu kwa sauti, mtaa mzima umesikia: shoga, lete kigoda!